KOMPYUTA INAPOULIZA: NIANDIKE AU NISIANDIKE?

Kila aliyepata kukaa mbele ya kompyuta za shule yetu ameliona lile dirisha dogo litokezalo ghafula pembeni mwa kioo. Lasema kwamba kuna badiliko katika rejista, kisha laweka vitufe viwili: kuruhusu na kukataa. Nimewatazama wenzangu muhula huu. Wengine hubonyeza kuruhusu ili dirisha liondoke upesi. Wengine hushtuka, huzima mashine na kutoka mbio wakisema ina virusi. Wote hawajasoma kilichoandikwa. Kwa hiyo nimeona vema nieleze rejista ni kitu gani, na dirisha lile lataka nini kwetu.

Windows, ambayo ndiyo iziendeshayo mashine zetu zote, ina daftari lake. Lilianza dogo katika Windows 3.1 mwaka 1992, likapanuliwa sana katika Windows 95. Ndani yake huandikwa printa ipi itumike, saa ya nchi gani ifuatwe, faili la namna fulani lifunguliwe na programu ipi, na mengine maelfu. Wazee wetu wanaolima chai hapa Rungwe watanielewa upesi. Pale kwenye mizani, karani huandika jina la mkulima na kilo za majani yake. Siku ya malipo hakuna akumbukaye mzigo wa nani ulikuwa mzito. Daftari ndilo lisemalo. Mtu akipenyeza jina lake humo kwa siri, hana haja tena ya kwenda kuiba chai shambani. Atalipwa pamoja na wenye haki, mwezi baada ya mwezi.

Hivyo ndivyo virusi vifanyavyo. Programu mbaya ikiingia bila kujiandikisha popote, mara nyingi ukizima mashine nayo huzimika. Ili irudi kesho, mara nyingi hutaka jina lake liwe daftarini. Pana ukurasa mmoja uitwao Run, wenye orodha ya programu zianzazo zenyewe mara mtu aingiapo katika kompyuta, na huo wapendwa sana na wezi. Zipo njia nyingine pia. Conficker, iliyoanza kuenea ulimwenguni Novemba 2008, ilijiandika katika rejista kama mtumishi halali wa Windows, ikabadili na mstari uonyeshao mafaili yaliyofichwa, ili mwenye mashine akitafuta asione kitu. Kufika mwisho wa mwaka ule ilikuwa imekwisha jua kusafiri ndani ya flashi. Mamilioni ya kompyuta yaliambukizwa.

Walakini si kila aandikaye ni mwizi. Printa mpya hujiandika. Programu ya ulinzi yenyewe hujiandika. Hata mwalimu wetu wa kompyuta ameandika humo, kwa kuifunga sehemu ya mipangilio tusiichezee (na tungeichezea!). Programu moja ya ulinzi, Malwarebytes, ikikuta kufuli za namna hiyo huziita mabadiliko ambayo huenda hayatakiwi. Neno hilo “huenda” lina uzito. Mlinzi huona kwamba mstari umebadilika, lakini kufuli la mwalimu na kufuli la mharibifu huandikwa kwa maneno yale yale. Aliyeliweka ni nani, na kwa nini, hayo yatuuliza sisi.

Basi mimi hujiuliza: dakika hii nimefanya nini? Nikiwa naweka programu niliyoagizwa na mwalimu, na jina lililo dirishani ni la programu hiyo na kampuni yake, naruhusu; maana nikikataa itabaki nusu, na printa itakaa bubu. Nikiwa naandika insha tu, au ndiyo kwanza nimechomeka flashi, na kitu chenye jina la herufi zisizo na maana chataka kuingia Run, nakataa. Kisha nachomoa flashi, naliandika jina lile katika karatasi, nampelekea mwalimu. Lakini jina peke yake halitoshi, kwa kuwa mwovu aweza kujiita kwa jina la kampuni kubwa. Itazamwe pia faili lenyewe lakaa wapi. Programu ya kweli ya Windows haikai ndani ya flashi yako.

Muhula huu mwenzetu mmoja alirudi kutoka mjini Tukuyu na flashi aliyoipeleka dukani kuchapiwa kazi. Alipoichomeka, dirisha likatokea. Kijana wa kidato cha pili aliyekaa karibu naye akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, wakakataa. Folda zilikuwa zimefichwa, na mahali pake pamewekwa alama za uongo. Mwalimu alizirudisha zote jioni ile. Ajuaye mashine ile ataelewa kwa nini twamshukuru kijana yule. Walimu huchomeka flashi zao hapo kuchapa mitihani, kisha huzipeleka ofisini, zilipo alama zetu za kidato cha nne zinazotakiwa na Baraza la Mitihani. Tena yatumia Windows 10, ambayo msaada wa kawaida wa Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Atakaye kuliona daftari lenyewe kwa macho na aje chumba cha kompyuta Jumamosi, baada ya usafi. Mwalimu hulifungua kwa programu iitwayo regedit, akiisha kuweka nakala yake kando, nasi hutazama mikono ikiwa nyuma.