Sauti ya Kompyuta Chumba cha Pili

Labda kompyuta iko chumbani mwa watoto, nayo redio yako kubwa iko kwa bibi mgonjwa. Wataka naye asikie nyimbo. Usikimbilie kununua spika nyingine. Waya mmoja watosha.

Tafuta waya wenye plagi ya milimita 3.5 upande mmoja, na plagi mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Ile moja itie katika tundu la kompyuta la spika za masikioni. Hizi mbili zitie nyuma ya redio penye neno AUX. Usizitie penye PHONO: hapo ni pa gramafoni, hukuza sauti mno, nayo itakwaruza. Wala usiutie waya huo penye matundu ya spika, maana umeme wake waweza kuiharibu kompyuta.

Waya mrefu usiulaze sambamba na waya wa umeme, sauti isije ikavuma. Bluetooth nayo hufika kama mita 10, lakini kuta nene huipunguza.

Mwisho, anza na sauti ndogo, ndipo uipandishe polepole. Mgonjwa hapendi kushtushwa.