Theluji, Barafu na Barafuto: Istilahi za Kilele cha Kibo

Katika vitabu na taarifa nyingi tunakuta sentensi isemayo kwamba "theluji ya Kilimanjaro inayeyuka". Sentensi hii imezoeleka, lakini imechanganya mambo yapasayo kutenganishwa. Tunakusudia kuyaeleza hapa kwa manufaa ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Kilimanjaro ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Mbili za kwanza zimekufa. Kibo, yenye kilele cha Uhuru kilicho mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ni volkano iliyolala, kwani gesi zingali zikitoka katika kasoko yake.

Theluji ni ile ianguayo kutoka mawinguni. Hufika kwa msimu na huweza kutoweka baada ya siku chache. Barafu ni maji yaliyoganda. Theluji ikirundikana kwa miaka mingi hushindiliwa na uzito wake yenyewe hata ikawa barafu, na tandiko kubwa la barafu ya namna hiyo ndilo liitwalo barafuto. Basi, kilichopungua Kibo ni barafuto. Mwaka 1912 zilienea kilometa za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilibaki pungufu ya 2.

Kitenzi "yeyuka" nacho hakitoshi. Kileleni hewa ni baridi na kavu, na jua ni kali. Kwa hiyo sehemu ya barafu hugeuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza. Aidha, theluji mpya ikiwa haba, barafuto hukosa cha kuzijaza.

Yafaa ieleweke kwamba hili si suala la maneno matupu. Asomaye kuwa theluji inayeyuka hudhani kwamba mito ya Kilimanjaro hulishwa na kilele. Sivyo. Mvua nyingi hunyesha katika ukanda wa msitu, na huko ndiko yatokako maji mengi ya mito na chemchemi. Mtayarishaji wa mpango wa maji akiongozwa na tafsiri hiyo atakitazama kilele na kuusahau msitu.

Kwa hiyo tunapendekeza "theluji" itumike kwa kinachoanguka, "barafuto" kwa tandiko la kudumu, na "pungua" pale ambapo sababu haikutajwa.