Kumkuta Mwenzio Angani

Jioni za kiangazi, mbingu za Ugogo zikiwa hazina wingu, mara nyingine twaona nyota iendayo upesi bila kumetameta juu ya vilima vya Dodoma. Hiyo si nyota. Ni nyumba ya watu, iliyoungwa angani kipande kwa kipande tangu mwaka 1998. Watoto hutuuliza, "Vipande hivyo vilikutanaje huko juu?" Nasi twapenda kuwajibu.

Kazi hii ilianza karibu nasi. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn wa Marekani alipoizunguka dunia mara 3, Unguja palikuwa na kituo kimoja cha vile vilivyofuata safari yake. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964.

Kisha vikaja vyombo vya Gemini, maana yake Mapacha, kwa kuwa kila kimoja kilichukua watu wawili. Tarehe 3 Juni 1965, Edward White alitoka nje ya chombo kwa dakika 20 hivi, akishikwa na kamba iliyomletea hewa. Kabla ya hapo mwenziwe, James McDivitt, alitaka kukifikia kipande cha roketi yao. Akakaza mwendo kukielekea. Kumbe kwa kukaza alipanda juu, akazidi kuachwa. Mafuta yakapungua, akaacha.

Sababu ni hii: azungukaye juu ana njia ndefu na mwendo wa polepole, azungukaye chini ana njia fupi na mwendo wa upesi. Basi atakaye kumfikia aliye mbele hana budi kushuka kwanza. Tarehe 15 Desemba 1965, Walter Schirra na Thomas Stafford walikuja kwa njia ya chini, wakawakaribia Frank Borman na James Lovell hata ikabaki futi 1 tu.

Tarehe 16 Machi 1966, Neil Armstrong na David Scott waliunga chombo chao na kingine kisicho na mtu. Mara vikaanza kuzunguka, kwa maana injini ndogo moja ilikwama. Walipojitenga, chombo chao kikazunguka kama pia, mara 1 kila sekunde, nao walikuwa karibu kuzimia. Armstrong hakufadhaika, alikituliza kwa injini za akiba, wakarudi mapema, wote wazima.

Walimu, choreni duara mbili kuuzunguka mti wa shuleni, moja ndani ya nyingine. Mtoto mmoja atembee katika duara ya nje, mwenziwe aliye nyuma akimbie katika ile ya ndani. Wataona wenyewe jinsi aliyeshuka anavyomfikia mwenziwe.