Halmashauri ikikuonea, lalamiko lako lipeleke wapi?

MKULIMA anayetozwa ushuru mara mbili kwa magunia yaleyale, mama lishe anayebomolewa kibanda bila taarifa na mfanyabiashara anayezungushwa miezi kadhaa akifuatilia leseni wana jambo moja linalowaunganisha. Wote watatu wana madai dhidi ya halmashauri, na mara nyingi hawajui waanzie wapi.

Wengi huishia kunung'unika sokoni. Wachache wenye uwezo hutafuta wakili. Hata hivyo ipo njia nyingine isiyo na ada, nayo ni kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Jina la Tume hiyo huwafanya wananchi wengi wadhani kuwa kazi yake ni mambo ya mahabusu na waliopigwa na polisi tu. Lakini sehemu ya pili ya jina hilo, yaani utawala bora, ndiyo inayomgusa mkulima na mchuuzi kila siku. Tume ina madaraka ya kuchunguza mtumishi au ofisi ya umma inayotumia vibaya madaraka, inayochelewesha huduma bila sababu, inayopendelea au inayotoa uamuzi usio wa haki. Halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji zimo humo.

Ilikotoka

Wazo la kuwa na chombo cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watawala lilianzia Sweden mwaka 1809. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kulichukua, ilipoanzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, enzi za Mwalimu Nyerere.

Wajumbe wa Tume hiyo walizunguka mikoani na wilayani wakisikiliza wananchi. Udhaifu wake ulikuwa kwamba taarifa zake zilikwenda kwa Rais, na yeye ndiye aliyeamua la kufanya. Tume yenyewe haikuwa na meno ya kwenda mahakamani.

Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 ndiyo yaliyozaa Tume ya sasa, na Sheria Namba 7 ya mwaka 2001 ikaipa majukumu na madaraka yake. Mbali na makao yake makuu Dodoma, Tume ina ofisi Dar es Salaam, Zanzibar, Mwanza na Lindi.

Lalamiko linavyokwenda

Tuchukue mfano wa mkulima anayesafirisha magunia 8 ya mahindi, kila moja kilo 100, kutoka wilaya yake kwenda kuuza wilaya ya jirani. Kwenye geti la ushuru anasimamishwa na kutakiwa kulipa.

Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku kumtoza ushuru mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwaka huohuo kiwango cha ushuru, ambacho kilikuwa kikifikia asilimia 5, kilishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mzigo wa mkulima wetu ni kilo 800. Ana sababu ya kuhoji.

Hatua ya kwanza ni kudai stakabadhi. Asiyepewa aandike tarehe, saa, jina la geti na kiasi alichotoa. Hatua ya pili ni kuandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Diwani naye anaweza kupewa nakala, kwa kuwa sheria ndogo za ushuru hupitishwa na baraza la madiwani.

Mkurugenzi asipojibu, au akijibu jibu lisiloridhisha, ndipo Tume inapoingia. Lalamiko linaweza kuandikwa kwa barua ya kawaida au kutolewa kwa mdomo ofisini, likaandikwa na ofisa. Si lazima kuwa na wakili. Asiyeweza kufika mwenyewe anaweza kuwakilishwa na mtu mwingine, na kikundi cha wakulima kinaweza kulalamika kwa pamoja.

Tume hufungua jalada na kuangalia kwanza kama suala hilo liko ndani ya uwezo wake. Likiwa nje, mlalamikaji huelekezwa mahali panapohusika. Likiwa ndani, halmashauri huandikiwa na kutakiwa kutoa maelezo yake.

Barua hiyo ina uzito ambao barua ya mkulima haina. Tume inaweza kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kudai nyaraka na kuingia katika ofisi kufanya ukaguzi. Kitabu cha stakabadhi au jalada la leseni lililosemekana kupotea mara nyingi huonekana pale anayeliulizia anapokuwa na madaraka ya kisheria.

Siyo kila lalamiko hufika kwenye uchunguzi kamili. Sheria inairuhusu Tume kusuluhisha, na kwa mambo kama leseni iliyochelewa au bidhaa zilizokamatwa, suluhu humfaa zaidi mfanyabiashara kuliko kesi ndefu. Mtaji wa machinga hauwezi kusubiri miaka.

Mipaka yake

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mahakama. Tume haichunguzi suala ambalo tayari liko mahakamani au mbele ya baraza lenye mamlaka ya kimahakama. Mwenye mgogoro wa shamba ambaye amekwisha fungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya asitegemee Tume ilishike shauri hilohilo. Ni vyema kuchagua mlango kabla ya kubisha hodi.

Pili, rushwa ina chombo chake, TAKUKURU. Ofisa anayetaka chochote ili apitishe maombi ya kizimba sokoni aripotiwe huko.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, Tume haitoi hukumu. Inapomaliza uchunguzi hutoa mapendekezo: fedha zirudishwe, fidia ilipwe, ofisa achukuliwe hatua au utaratibu mbovu ubadilishwe. Halmashauri hupewa muda usiozidi miezi 3 kueleza imefanya nini. Ikikaa kimya, sheria inaipa Tume uwezo wa kwenda mahakamani kutafuta utekelezaji, au kumshauri mtu mwingine anayestahili afanye hivyo.

Sakata la Nyamuma, wilayani Serengeti, linaonyesha ugumu uliopo. Mwaka 2001 wanakijiji waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto. Walalamikaji 135, kupitia Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walikwenda Tume. Mwishoni mwa mwaka 2004 Tume iliwapa haki na kupendekeza walipwe fidia. Serikali ilikataa mapendekezo hayo, na suala likaishia kwenye mvutano wa kisheria uliofika hadi Mahakama ya Rufani.

Nyamuma haikuwa kesi ya ushuru wala leseni, lakini somo lake linamhusu kila anayelalamika. Kushinda mbele ya Tume ni hatua moja, na kulipwa ni hatua nyingine. Mlalamikaji anapaswa kuendelea kufuatilia hata baada ya kupata barua nzuri.

Ushahidi ndio mtaji

Pamoja na mipaka hiyo, lalamiko lililoandaliwa vizuri huigharimu halmashauri usumbufu ambao haiupendi. Mkurugenzi anayetakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini alitoza fedha zisizostahili ana sababu ya kutafuta suluhu mapema.

Kinachowaangusha wengi ni kutokuwa na kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni hivyohivyo. Tunza stakabadhi zote za ushuru, leseni na kodi ya pango la kizimba. Andika majina na tarehe siku ileile, kabla hujasahau. Omba kuona sheria ndogo inayotumika kukutoza, kwa kuwa viwango hubadilika na ofisa hana mamlaka ya kutoza nje ya sheria hiyo.

Katika barua eleza mambo manne: nani alifanya nini, lini na wapi, umepata hasara gani, na unataka nini kifanyike. Ambatanisha nakala, na nyaraka halisi zibaki kwako. Usicheleweshe, kwani maofisa huhamishwa vituo na mashahidi husahau.

Vikundi na vyama vya ushirika vina nafasi nzuri zaidi. Mkulima mmoja aliyetozwa Sh10,000 zisizostahili anaweza kuona nauli ya kufuatilia ni kubwa kuliko hasara. Wakulima 50 waliotozwa kiasi hichohicho kwenye geti lilelile wana madai ya Sh500,000, na stakabadhi 50 zinazofanana ni ushahidi ambao si rahisi kuupuuza.