Ukutani Hufutika, Karatasini Hubaki

Machakos si mji mgeni kwa watu wa pwani. Misafara ya biashara ilipita Ukambani tangu zamani, na wachongaji wa Kikamba tuwaonao Changamwe, Mombasa, wengi wao asili yao ni huko, khasa Wamunyu. Lakini leo, msomaji, tuviweke vinyago kando kidogo tuzungumzie picha za mashujaa wa michezo: zile zichorwazo kutani na ubavuni mwa matatu, na zile zipigwazo chapa kwa nakala chache, zikatiwa nambari, zikatafutwa na wakusanyaji kama wengine watafutavyo stempu.

Mashujaa Machakos inao. Cosmas Ndeti alishinda mbio za marathoni za Boston mara tatu mfululizo: 1993, 1994 na 1995. Patrick Makau naye, tarehe 25 Septemba 2011, alikimbia Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akaivunja rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia. Rekodi hiyo ilidumu miaka miwili, hata Wilson Kipsang alipoivunja mwaka 2013. Kijana aliyezaliwa mwaka huo hana budi kuhadithiwa mambo haya, au ayaone pichani.

Taabu ni kwamba picha ya ukutani haina maisha marefu. Mvua huiosha, jua huipausha, na mwenye nyumba akitaka kupaka chokaa haulizi ni nani aliyechorwa. Ya matatu ndiyo fupi zaidi, kwani gari likipata rangi mpya, shujaa wa jana humpisha wa leo.

Wenzetu wa ng'ambo walipata dawa. Yule mchoraji wa kutani wa Uingereza ajiitaye Banksy alichora msichana na puto katika kuta za London. Picha iliyokuwa karibu na daraja la Waterloo ilipakwa rangi ikapotea, lakini mwaka 2004 picha hiyo ilitolewa karatasini, nakala 150 zenye sahihi na 600 zisizo na sahihi. Kabla yake, mwaka 1977, Andy Warhol wa Marekani alikwenda Deer Lake, Pennsylvania, kambi ya mazoezi ya Muhammad Ali, akampiga picha. Mwaka uliofuata akatoa picha nne za chapa za bondia huyo, kila moja nakala 150.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Wavu mwembamba huwambwa katika fremu, sehemu zisizotakiwa zikazibwa, kisha wino ukasukumwa kupita penye nafasi. Kila rangi huwa na wavu wake. Mwisho mchoraji hutia sahihi kwa kalamu ya risasi, na kando yake nambari: 12/150 maana yake ni nakala ya 12 katika 150. Zikishatimia, hazipigwi tena. Hiyo ni ahadi, na thamani yote ya picha imesimama juu ya ahadi hiyo. Mchoraji akiivunja kwa tamaa, amewaibia wote waliomwamini.

Msomaji wa pwani huenda akauliza: sura ya mtu nitaitundika wapi, nami ukutani nina aya na picha ya Al-Kaaba? Swali hilo ni la haki, na maulamaa wamelijadili kwa muda mrefu. Wako wanaoziweka picha zao katika saraka, wakazitoa wageni wanapotaka kuziona. Muhammad Ali mwenyewe alikuwa na hadhari ya namna yake: alipotunukiwa nyota Hollywood mwaka 2002, ilitiwa ukutani badala ya sakafuni, kwa kuwa hakutaka jina la Mtume likanyagwe. Naye alikuwa mchoraji pia. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1978 uliuzwa mnadani New York mwaka 2021 kwa zaidi ya dola 400,000.

Sasa turudi kwenye vinyago. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji huo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha kazi ikaenea kwa wenziwe. Kazi ikaenea hata bandarini Mombasa, lakini vinyago vingi viliondoka na watalii bila jina la aliyevichonga. Mkono ulilipwa siku moja, na jina halikulipwa kamwe. Wachoraji wa leo wasirudie njia hiyo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, kwa marekebisho ya 2019, inampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Lakini nani atamlipa asiyetia jina?

Basi kijana wa Machakos mwenye brashi na amwendee Makau au Ndeti kwa adabu, aombe idhini, wapatane mgao, atoe nakala chache, azitie nambari na asiongeze hata moja. Nawe mnunuzi, kabla hujatoa pesa tazama sahihi, tazama nambari, na udai hati. Nunua kwa sababu wampenda shujaa huyo. Bei ikipanda baadaye, hiyo ni bahati yako. Isipopanda, nyumbani kwako pana jambo la kuwahadithia wajukuu.