Nzi na Uyoga wa Sumu

Mvua zikinyesha, watoto wa nchi nyingi hutumwa porini kutafuta uyoga. Lakini si kila uyoga ni chakula, na tangu zamani watu wametafuta njia ya kuutambua ulio na sumu. Wako wasemao hivi: "Uyoga ulioliwa na wadudu, hata mtu aweza kuula." Maneno haya huonekana kuwa ya akili, kumbe ni ya uongo, na yaweza kumwua mtu.

Katika misitu ya Ulaya, chini ya mialoni, huota uyoga ambao wataalamu huuita Amanita phalloides. Kofia yake ni ya kijani kilichochanganyika na manjano, na shina lake limesimama ndani ya kifuko kilichofichwa na majani makavu. Ulichukuliwa pamoja na miche ya miti, na siku hizi huota pia Marekani, Australia na Afrika Kusini. Si mchungu, na kuupika hakuiondoi sumu yake. Aliyeula haumwi upesi: saa 6 hata 24 hupita, ndipo atapike na kuhara sana. Kisha hupata nafuu, akadhani amepona, na wakati huo ini lake linaharibika. Uyoga mmoja tu waweza kumwua mtu mzima.

Sumu hiyo yaitwa amanitini. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na ndani ya chembe yamehifadhiwa maagizo ya kazi zake. Humo kimo kitu ambacho kazi yake ni kuyanakili maagizo hayo, mfano wa karani anakilivyo barua ya bwana wake ili ipelekwe kwa mafundi. Amanitini humshika karani huyo mkono asiandike. Maagizo yasipofika, kazi husimama, na chembe hufa.

Hata hivyo wako nzi wadogo, jamaa za wale wanaozunguka ndizi zilizoiva mno, ambao hutaga mayai yao katika uyoga, hata ulio na sumu hiyo. Mabuu hula humo, hukua, hupata mabawa na kuruka. Mwaka 1983 John Jaenike na wenzake huko Marekani waliwajaribu nzi wa namna mbalimbali kwa amanitini. Nzi walao uyoga hawakudhurika, au walidhurika kidogo tu; wale wasiokula uyoga walidhurika sana. Ajabu ni kwamba yule karani aliye ndani ya chembe za nzi walao uyoga hana nguvu kuliko wa nzi wengine. Sumu ikimgusa, naye hushindwa. Basi kinga yao iko kwingine: sumu huzuiwa isimfikie.

Tena sumu hiyo huwafaa nzi. Katika uyoga huishi minyoo midogo iingiayo katika miili ya mabuu. Buu akiisha kuwa nzi, minyoo huzidi kukua ndani yake, na nzi jike huweza kuwa tasa. Lakini minyoo haistahimili amanitini kama nzi. Kwa sababu hiyo buu aliyelelewa katika uyoga wa sumu huokoka mara nyingi na adui yake. Kilicho mauti kwa mwanadamu ni boma kwa nzi.

Basi mdudu si shahidi wa kuaminiwa katika jambo hili. Aonaye matundu ya mabuu katika uyoga amejua neno moja tu, ya kuwa mabuu wamekula. Na mwili wa mtu si mwili wa nzi. Uyoga usiojulikana kwa hakika na wenye ujuzi wa mahali hapo na uachwe, hata njaa ikiwa kali. Na mtu akiumwa baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali mara moja. Hata akipata nafuu njiani, asirudishwe nyumbani.