Paka dume asiyekojoa hangoji kesho: Funzo nililolipata Ggaba

BWANA Afya lilikuwa jina la paka wangu. Nilimwita hivyo kwa sababu kila asubuhi alizunguka magunia ya dagaa sokoni Ggaba akiyanusa moja baada ya jingine, mithili ya mkaguzi wa afya wa enzi za ukoloni. Panya walimwogopa na akina mama wauza samaki walimpenda. Alikufa siku ya tatu baada ya kuanza kuugua. Mpaka leo naamini hakuuawa na maradhi peke yake, bali pia na dawa zetu za nyumbani, na zaidi na muda tulioupoteza tukizijaribu.

Kwa wasiopafahamu, Ggaba ni mtaa ulio ufukweni mwa Ziwa Victoria, kusini mashariki mwa jiji la Kampala, mwisho wa barabara inayopita Kabalagala, Kansanga na Bunga. Kuna soko, kuna mitumbwi ya wavuvi, na kuna mitambo ambayo kwa miongo mingi imesukuma maji ya ziwa kwenda majumbani mwa wakazi wa jiji. Dagaa, ambao Waganda huwaita mukene na Wakenya omena, hufika hapo kwa magunia. Penye dagaa pana panya, na penye panya hapakosi paka. Kwa hiyo paka wa Ggaba si pambo la sebuleni. Ni mfanyakazi.

Basi asubuhi moja nilimwona Bwana Afya akichuchumaa kwenye rundo la mchanga nyuma ya jiko. Akajikamua, akasimama, akasogea hatua mbili, akachuchumaa tena. Hakutoa kitu. Nikasema moyoni, huyu amefunga choo. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na baadaye niligundua kwamba ni kosa la wengi.

Dawa za majirani

Jirani yangu ni mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Nalongo, jina la heshima ambalo Waganda humpa mwanamke aliyezaa mapacha. Alipomtazama paka akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hilo si tumbo. Ni mkojo. Chemsha nywele za mahindi umnyweshe. Paka wangu jike alipougua hivi mwaka jana nilimpa hizo hizo, na baada ya siku tano akapona kabisa."

Nikachemsha. Tukamshika, tukammiminia mdomoni kwa kijiko. Jioni mpangaji mwenzetu, kijana kutoka Mombasa, akaja na lake. Kwao Pwani, alisema, mtu akizuiwa mkojo hunyweshwa maji ya madafu. Nikatafuta dafu. Siku ya pili mwingine akashauri maji ya limau yenye siki, ati huyeyusha mawe. Nikampa. Usiku nikaenda duka la dawa, nikarudi na vidonge vya kuua vijidudu na kimoja cha parasetamoli, nikamvunjia robo ili nimpunguzie maumivu.

Siku ya tatu hakuweza kusimama. Alikuwa ametapika, mwili umepoa, na ufizi wake umegeuka rangi kama ya udongo. Nilimfunga kwenye kitenge nikapanda naye bodaboda kwenda kwa daktari wa mifugo. Tulipofika daktari alimpapasa tumbo, akaushika mkono wangu na kuuweka pale. Kilikuwa kitu kigumu, cha mviringo, kikubwa kama chungwa. "Hiki ni kibofu," aliniambia. "Kimejaa tangu juzi." Kabla hajamaliza kuandaa vifaa, Bwana Afya alikuwa amekata roho.

Mfereji ulioziba

Daktari yule hakunilaumu. Alinieleza tu, na maelezo yake nimeyathibitisha baadaye kwa kusoma na kuuliza.

Paka dume ana mrija mwembamba sana wa kutolea mkojo, nao huzidi kuwa mwembamba karibu na ncha. Chembechembe kama mchanga zinazojitengeneza kwenye mkojo mzito, zikichanganyika na ute wa kibofu kilichovimba, huweza kuuziba kama kizibo cha chupa. Jike mrija wake ni mfupi na mpana zaidi, hivyo kuziba kabisa ni nadra kwake.

Mrija ukiziba, figo hazina mahali pa kupeleka taka. Sumu hurudi kwenye damu. Madini ya potasiamu, ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo, hupanda hadi mapigo ya moyo yanavurugika na hatimaye moyo unasimama. Yote haya huchukua siku mbili au tatu, wakati mwingine pungufu ya hapo.

"Ninyi wa Ggaba mnaishi na mabomba ya maji," daktari alisema. "Bomba likiziba, fundi huongeza maji?"

Nilinyamaza. Ndicho nilichokuwa nikifanya kwa siku mbili. Nywele za mahindi watu huzitumia ili mkojo uongezeke. Kumpa paka ambaye mkojo wake hauna njia ni kuujaza mfuko uliokwisha kujaa. Madafu nayo yana potasiamu nyingi, yaani kile kile kilichokuwa kikimuua.

Limau na siki vina kisa chao. Ni kweli aina moja ya chembechembe hizo, inayotokana na magnesiamu na fosfeti, hujitengeneza mkojo unapopungukiwa na uchachu. Lakini iko aina nyingine ya kalsiamu ambayo haiyeyuki kwa uchachu, na mkojo mchachu huweza hata kuichochea. Bila kupima mkojo huwezi kujua unapambana na ipi. Hata ile inayoyeyuka huhitaji chakula maalumu kwa siku nyingi au wiki kadhaa, si kijiko cha siki kwa usiku mmoja.

Vidonge vya kuua vijidudu? Kwa paka ambao hawajafikia uzee, wachache tu wenye shida ya mkojo huwa na vijidudu. Maambukizi huonekana zaidi kwa paka waliopita miaka 10, au wenye maradhi ya figo au kisukari. Kwa wengine ni dawa inayotumwa kupigana na adui asiyekuwepo.

Na parasetamoli? Hapo daktari alikaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama la binadamu. Inabaki mwilini, inaharibu damu isibebe hewa, na ufizi unageuka rangi. Hata kipande cha kidonge chaweza kumuua paka aliye mzima. Nilikumbuka rangi ya ufizi wa Bwana Afya, nikainamisha kichwa.

Aliniongezea mambo mawili ambayo sikuyafanya lakini wengi huyafanya. La kwanza ni kitunguu saumu, ambacho kwa paka huharibu chembe nyekundu za damu. La pili ni kumkamua tumbo kwa mikono ili mkojo utoke. Kibofu kilichojaa hivyo huweza kupasuka.

Mbona jike alipona?

Swali hilo lilinisumbua njia nzima ya kurudi nyumbani. Nalongo si mwongo. Paka wake jike alikuwa akikojoa matone yenye damu, akanyweshwa nywele za mahindi, akapona. Nilishuhudia kwa macho yangu.

Jibu nililipata baadaye, nalo ndilo msingi wa makala haya. Sehemu kubwa ya paka wenye shida ya mkojo hawana mawe wala vijidudu. Kibofu chao huvimba chenyewe bila sababu moja inayoonekana, mara nyingi wakiwa na wasiwasi: nyumba imehamwa, paka mgeni ameletwa, mchanga wao ni mchafu. Mrija usipoziba, hali hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe ndani ya wiki moja hivi, upewe dawa usipewe. Nywele za mahindi zilisifiwa kwa kazi iliyofanywa na siku.

Hapo ndipo penye mtego. Dawa ya nyumbani hupata sifa kwa jike ambaye angepona hata bila dawa, kisha sifa hiyo humfikia dume ambaye mrija wake umeziba. Dalili za mwanzo zinafanana, lakini mwisho wake haufanani hata kidogo.

Usiku wa Kapiteni

Miezi kadhaa ilipita. Usiku mmoja, kama saa tatu hivi, Nalongo alinigongea mlango.

"Mwanangu, Kapiteni anachuchumaa hovyo ndani ya beseni. Nimekagua mchanga wake wote, ni mkavu."

Kapiteni ni dume lake kubwa linalolinda ghala la mukene. Safari hii hakuna aliyetaja mahindi wala madafu. Tulimtia kwenye kapu, tukalifunika kwa kanga, tukapanda bodaboda mbili kuelekea mjini. Watu walitucheka njiani. Paka kupelekwa hospitali usiku! Mmoja alimwambia Nalongo kwamba kwa pesa hizo angepata paka kumi wengine.

"Na hao kumi," Nalongo alimjibu, "watajifunza kazi mwaka gani?"

Kapiteni alilazwa kwa dawa ya usingizi. Daktari alimpitishia mpira mwembamba wa mkojo, na maji mekundu yenye mchanga yakaanza kutoka. Alibaki hapo siku tatu akiwa na dripu. Gharama ilikuwa kubwa, sitaficha, na tulichangishana watatu. Lakini Kapiteni yuko hai, na panya wa ghala lile wanalijua hilo.

Tiba halisi ya nyumbani

Je, maana yake nyumba haina kazi? Ina kazi kubwa sana, ila ni kazi ya kabla ya ugonjwa na baada ya hospitali. Nayo huanza na maji.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati, nchi kavu zenye jangwa. Mnyama huyo alizoea kupata maji yake kutoka kwenye nyama ya mawindo, na hamu yake ya kunywa ni ndogo. Paka wa kilo nne huhitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, akijumlisha ya chakulani na ya bakulini. Samaki mbichi ana maji karibu robo tatu ya uzito wake. Chakula kikavu cha dukani kina kama asilimia 10 tu, na dagaa aliyekaushwa vizuri naye ni mkavu vivyo hivyo. Kwa hiyo unaweza kuishi Ggaba, ziwa likiwa mlangoni, na paka wako akawa na mkojo mzito kama wa jangwani.

Hivi ndivyo tunavyofanya sasa mimi na Nalongo:

Kwanza, dagaa hulowekwa, huoshwa kutoa mchanga na chumvi, kisha huchemshwa na kutolewa pamoja na mchuzi wake. Mchuzi huo hautiwi chumvi wala kitunguu. Wala hatuwapi dagaa peke yao kila siku. Tunachanganya na nyama na vyakula vingine.

Pili, bakuli za maji ziko mahali zaidi ya pamoja, mbali na chakula, na maji hubadilishwa kila siku. Baadhi ya paka hupenda maji yanayotiririka, hivyo wachie matone ya bomba wakiyafuata.

Tatu, mchanga wao husafishwa kila siku, na kila paka ana sehemu yake. Paka anayechukia choo chake hujizuia, na mkojo unaokaa sana kibofuni huzidi kuwa mzito.

Nne, tunawapunguzia vurugu na unene. Paka mnene asiyejongea yuko hatarini zaidi.

Tano, na hili ndilo kubwa, tunakagua mchanga. Ukiona umelowa, shukuru. Jike anayetoa matone yenye damu lakini angali anakula na kuchangamka, mpeleke kesho yake akapimwe. Dume anayejikamua bila kutoa hata tone, analia, anajilamba sana chini, au ameanza kutapika, usingoje kupambazuke. Usimpe kitu mdomoni. Mtie kapuni uende.

Najua wengi mtasema daktari wa mifugo ni wa ng'ombe na kuku. Sivyo. Mafunzo yao yanahusu paka pia, awe amesomea Makerere, Kabete jijini Nairobi, au Sokoine pale Morogoro. Tafuta namba ya aliye karibu nawe leo, paka wako akiwa mzima, uiandike ukutani. Mimi yangu iko juu ya mlango wa jiko, mkabala na rundo lile la mchanga.

Nalongo bado anachemsha nywele za mahindi. Anazinywa mwenyewe.